Jicho la Beberu wa Idi

Marui, Kisarawe
24 Mei 2025

Mwanangu Nuria,

Assalaam alaykum. Hapo Sofu hujambo? Huku wazima sote, ila beberu wa Idi. Juzi nilisafisha nyuma ya zizi, nikang'oa minanaha yote, ile yenye maua meupe na matunda ya miiba. Beberu alikuwa na tongotongo, nikampangusa kwa mkono ule ule. Asubuhi naona jicho la kulia jeusi tupu, ule mstari wa katikati haupo, na juani analifumba. Jirani yetu Mwinshehe anasema ni upofu, na mwenye chongo hafai kuchinjwa Idi. Nami nilimnuia kwa ajili ya marehemu mama yako. Wewe ndiye daktari wa mifugo, niambie ukweli.

Anayeandika ni mdogo wako Mwanaasha. Herufi zinanichezea machoni, uzee huo.

Baba yako,
Mfaume


Sofu, Kibaha
26 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua nimeipokea kwa Khalfani, yule anayeleta machungwa ya huko, pale kituo cha Kwa Mathias, nikaisoma nimesimama. Nilipofika kwenye minanaha nikacheka.

Mboni ina misuli miwili midogo, mmoja huifumba, mwingine huifungua. Ule wa kufumba una vipokezi, tuseme viti. Neva hutuma kemikali kama mjumbe, naye akikaa kitini msuli unakaza. Maji ya mnanaha huvikalia viti hivyo bila kufanya kazi yoyote. Mjumbe akifika hana pa kukaa, na msuli wa kufungua unatamba peke yake. Beberu si kipofu, ni mkono wako tu. Mwosheni jicho kwa maji safi, akae kivulini. Maji hayo yataviacha viti yenyewe, msubiri tu.

Sasa wewe. Mkono ule ulifuta na jasho lako? Hata ulipougua malaria hukumwachia mtu kalamu. Jitazame kwenye kioo. Mboni zisipolingana, nenda zahanati uwaambie kuhusu mnanaha.

Mwanao,
Nuria


Sofu
2 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Khalfani ameleta machungwa bila barua, na simu yako haipatikani. Beberu mwache. Nataka habari za jicho lako. Nikikosa jibu, Alhamisi naja.

Mwanao,
Nuria


Marui
4 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko unaujua.

Sikujibu kwa sababu niliogopa. Mboni yangu ya kulia ilikuwa imejaa kama ya beberu. Babu yako Kitwana alianza na jicho moja, akamaliza umri wake akishikwa mkono, na aliyemshika ni mimi. Nilidhani zamu yangu imefika. Zahanati nilikwenda shingo upande, kwa vile Mwanaasha aliisoma barua yako mbele ya Mwinshehe. Muuguzi alinimulika tochi, akasema kama ulivyosema wewe: subiri.

Basi kila asubuhi tukawa tunatazamana, mimi na beberu. Alipona yeye kwanza. Nilipouona mstari wake umerudi, nilikaa chini pale pale zizini. Jana nimesoma barua zako mwenyewe, na ile ya viti nikairudia kwa raha tu. Nimelia kidogo, usimwambie mtu.

Mwinshehe amemkagua beberu, ameridhika, na ameshaomba paja. Maskini, kupona kwake ndiko kuchinjwa kwake. Namwonea huruma, lakini nia ni nia.

Njoo Idi. Usilete kitu. Nataka kukutazama.

Baba yako,
Mfaume