Themostati Kwenye Sufuria ya Chai

Baba Neema,

Nakusalimu kutoka Sironga, mvua inanyesha. Jumamosi gari letu la dizeli lilichemka Keroka, na keki ya harusi ya dada yangu imo ndani. Nikamwendea fundi nyumbani kwake, akaniambia, "Pole mama, leo ni Sabato, sishiki spana. Ingia ndani ule." Nikala matoke ya jana, nikangoja. Jua lilipozama mkewe akawasha moto, na sufuria ya kwanza haikuwa ya chai: fundi alitoa themostati kwenye injini, kile kivalvu kinachopaswa kufunguka maji yakipata moto, akaitumbukiza humo. Maji yakatokota, nayo haikufunguka hata kidogo. Ubovu tumeupata! Tukashangilia kama tumefunga bao! Asubuhi akaweka mpya, nikafika huku harusini na keki yangu nzima.

Wabusu watoto. Na wewe uliyeniapia kwamba kilichoharibika ni radiata, nakupenda hivyo hivyo.

Mama Neema