Kwa Kaka Anayemuuguza Baba Mtandaoni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, pamoja na wifi na watoto. Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani kutwa. Usishangae kuona karatasi badala ya ule ujumbe mrefu wa simu ninaokutumia kila Jumapili kukueleza hali ya baba. Sababu utaiona mbele.

Nianze na mteja wangu mmoja, mwalimu wa chekechea. Alikuja kujaribu gauni, nikamkuta benchini anafuta machozi huku kashika simu. Nikamuuliza kama amefiwa. Akasema hapana, anasoma blogu ya bwana mmoja anayemuuguza baba yake aliyepooza, kwenye ule mtandao ambao wasomaji hulipa kila mwezi na mwandishi akapata fungu lake. Akasema angepata mwanaume wa namna hiyo, angeacha kuchagua. Kisha akanisomea jinsi bwana huyo anavyomgeuza mzee kitandani kila baada ya saa mbili, na jinsi mzee anavyokataa kijiko mpaka aimbiwe wimbo wa gwaride aliojifunza ujanani. Mkasi ulinidondoka. Wimbo ule ninauimba mimi, kaka, na sauti yangu unaijua ilivyo mbaya.

Ilibidi nilipie ili nisome yaliyobaki. Hebu fikiria, nilipie maneno yangu mwenyewe. Yote yalikuwemo, neno kwa neno, isipokuwa mimi nilikuwa nimeota ndevu. Ningecheka, kama usingemweka na dada humo ndani. Ulisema una dada aliyekimbilia starehe, asiyepiga simu hata ya salamu. Watu mia na kitu wakamlaani, nawe ukawajibu kwa upole kwamba umekwisha kumsamehe. Hapo ndipo uliponimaliza. Kuibiwa ningevumilia, lakini kusamehewa na mwizi kulinishinda.

Sikukuambia kitu. Nilifungua blogu yangu kwenye mtandao huohuo, nikajiita Sindano. Nilitaka hela ya dawa za baba, maana zako zilikuwa hazifiki, na nilitaka kuwajua marafiki zako. Niliandika namna ya kuokoa suruali iliyobana na namna ya kumjua fundi mwongo anayesema njoo kesho. Watu wakapenda, wakalipia. Ndipo nikafahamiana na Dereva Mstaafu, yule anayesimulia safari zake za malori, na Mama Mikate mwenye duka la kuoka, wale wawili wanaokuwa wa kwanza kukusifu kila unapoandika. Nikawakaribisha nyumbani. Walimkuta baba kitandani, na ukutani picha ya harusi yako. Nikawapa simu yangu wasome wenyewe ujumbe ninaokutumia kila Jumapili, na tarehe waziangalie. Mama Mikate alikaa kabla hajaambiwa karibu. Dereva akasema amewahi kubebeshwa magendo bila kujua, lakini mzigo huu umezidi. Alitaka akuumbue siku ileile. Nikamwomba asubiri.

Nilisubiri kwa sababu bado nilikuwa nakupenda. Nilikuandikia kwamba baba amedhoofika, anakuita, uje upesi. Ningekuona mlangoni ningefuta yote, naapa. Kesho yake nikasoma kwenye blogu yako kwamba baba amekuita kwa jina, nawe ukamshika mkono mpaka akalala. Siku nne baadaye, Jumatatu asubuhi, nilikupigia mara tatu. Ulikata zote, ukaniandikia kwamba uko bize, kama ni habari za baba nikuandikie kwa kirefu kama kawaida.

Sasa nakuandikia kwa kirefu. Nilipokupigia mara zile tatu, nilikuwa nimesimama kando ya mwili wake. Baba amefariki, kaka. Tulimzika Jumanne, wiki tatu sasa. Ndugu walipoulizia niliwaambia umekwama safarini, simu haipatikani, na pole zao nitakufikishia mimi. Dereva Mstaafu alishika upande mmoja wa jeneza, upande ambao ulikuwa wako.

Jumapili iliyofuata nilikutumia ujumbe kama kawaida, kwamba baba amenyolewa ndevu na amecheka. Ukaandika kwamba ulimnyoa wewe. Nyingine nikasema ametaka kuota jua. Ukambeba mgongoni hadi uani, na wasomaji wakalia. Mwenye kovu usidhani kapoa. Najua ni dhambi kumficha mtu msiba wa baba yake. Nimeifanya kwa makusudi, na siku nikiulizwa nitajibu. Ila sikujua kwamba ingeniumiza hivi, kukaa kila Jumapili nikimfufua baba ili nikunase wewe, halafu nizime simu nikitazame kile kitanda.

Barua hii nimempa Dereva akukabidhi leo, kwenye mkutano wa wanablogu wa mtandao wetu ulikoalikwa kuzungumza, ukishashuka jukwaani. Kwa hiyo kama unaisoma, umeshawasimulia wenzako jinsi baba alivyoamka leo. Wakati unazungumza, Mama Mikate alikuwa anapitisha picha ya mazishi meza kwa meza, tarehe imeandikwa chini. Inua macho uwatazame. Hakuna atakayekupigia kelele, nimewaomba hivyo. Nilitaka ukionje kile kimya ulichoniachia nyumbani.

Nisalimie wifi, umwambie sina neno naye. Wabusu watoto, na uwaambie habari za babu yao kwa kinywa chako.

Kaburi la baba sikuelezei lilivyo. Ukitaka kuliandika, itabidi uje.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi