Bibi Yangu Hakuwa Mpole

Shangazi Ursula, shikamoo.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Nakwa hapa Babati, na nina aibu kiasi kwamba darasani nikiulizwa swali najibu nikiangalia meza, lakini safari hii imebidi niandike kwa sababu wiki ijayo Jumamosi tunasimika msalaba kwenye kaburi la bibi yangu Lukresia, na mjomba Aminiel, mwalimu mstaafu, ameniteua mimi nisome historia ya marehemu mbele ya watu wote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, eti kwa kuwa tutakuwa na mapadre wageni.

Shangazi, historia ameiandika yeye, na huyo bibi aliyemo humo mimi simjui. Inasema marehemu alikuwa mpole, mnyenyekevu, ua la nyumba, na hakuwahi kupandisha sauti, wakati bibi alikuwa akimwita mtu wa ng'ambo ya mto anaitika hata asiyeitwa, na kuna Jumapili alimwambia katekista katikati ya mahubiri, "Malizia baba, maharage yangu yako jikoni," na akamalizia kweli. Nusu ya ukurasa ni habari za babu, kazi zake, baiskeli yake, hata ng'ombe wake wa kulimia ametajwa kwa jina, ila mama mzazi wa bibi ni "mke wa Leonard" tu, nikakumbuka kitabu chetu cha Historia shuleni, ambamo wanaume wana majina na vita, na wanawake wamewekwa wote kwenye sentensi moja, wanapalilia. Nilipotafsiri kwa Kiingereza ndipo bibi akazidi kuwa mpole.

Nilijikaza nikauliza, "Mjomba, mbona bibi alikuwa mkali?" Akacheka. "Mwanangu, tangu dunia iumbwe mwanamke anaandikwa hivi. Unataka niwaambie mapadre kwamba mama alinichapa mpaka nina ndevu?" Binamu yangu Brayson akadakia, "Andika, baba, watu wajue!" Wakacheka wote. Mama mkubwa Evelyne, dada yao mama na mjomba, akaninong'oneza, "We soma tu. Wanaume wakiandika hivyo wanapata usingizi."

Kuna pia sehemu inasema bibi alitunza vizuri shamba la Sigino "aliloachiwa na mumewe", wakati alilinunua mwenyewe kwa hela ya mbaazi, babu ameshafariki, na mzee Konstantini aliyemuuzia bado yupo, na ndilo analolima mama yangu Veronica tangu ndoa yake ivunjike akarudi nyumbani, lakini hilo sijali sana, kinachoniuma ni hilo "ua la nyumba". Na baada ya chakula kuna kikao cha kugawa mali za babu, cha wanaume tu, kwa hiyo pengine hakuna atakayekumbuka nilichosoma. Je, nisome hivyo hivyo, au nijifanye mgonjwa?

Mjukuu, Nakwa

Marahaba, mwanangu.

Usijifanye mgonjwa. Familia yenu ina uongo wa kutosha.

Nimecheka kisa cha katekista, halafu nikaacha kucheka. "Ua la nyumba" umelililia barua nzima, na jambo lenyewe umelitupa mwishoni kama maganda. Wanaume kumwandika mwanamke mpole wameanza zamani na hawajachoka, na wengi wana nia njema kabisa: mpole hadai. Sasa rudia kusoma. Mwanamke aliyenunua shamba amegeuka mwanamke aliyeachiwa shamba. Ukishalitamka hilo kaburini, kwa lugha mbili, mbele ya mapadre, wakimaliza kula tu litakuwa shamba la babu, na mama yako ataanza kutafuta pa kulima. Inawezekana mjomba wako hakupanga hivyo. Kikao hakitauliza alipanga nini.

Na wewe! Hela ya mbaazi unaijua, muuzaji unamjua, kikao unakijua, halafu unaniambia "sijali sana"? Bibi yako angekuchapa.

Leo hii mwonyeshe mama yako hiyo sentensi. Yeye na mama yako mkubwa Evelyne, kama ameshamaliza kunong'ona, waende na mzee Konstantini kwa Aminiel. Wewe usiende, hiyo si kazi ya mtoto. Iandikwe kwamba marehemu alilinunua mwenyewe, na huyo mzee aalikwe Jumamosi, akae mbele. Maua waachie wanaume. Soma upole, soma unyenyekevu, soma na ng'ombe. Waliomfahamu bibi watakohoa wenyewe.

Mjomba akikataa kuibadilisha, mrudishie karatasi yake kwa mikono miwili, mwambie, "Shikamoo mjomba, hii utaisoma wewe." Kisha nenda kakae karibu na mama yako.