Korongo wa Bomba la Moshi

Jumatatu, 2 Machi

Wametotoa! Nimehesabu vichwa vitatu. Kiota kiko juu ya bomba la moshi la kile kiwanda cha sabuni kilichofungwa, sawasawa na dirisha la chumba changu cha kazi huku juu. Barabara tu ndiyo inayotutenganisha. Asubuhi nzima sijashika kazi. Daktari wa meno anasubiri seti mbili za meno bandia, ya juu na ya chini, na nta imenigandia kwenye kisu.

Kumbe korongo hawana sauti! Mwalimu mstaafu, jirani yangu, ndiye aliyeniambia, kasimama getini na darubini yake shingoni. Hawalii, wanagonga midomo. Dume akirudi na chakula, jike anatupa kichwa nyuma mpaka kinalala mgongoni, halafu ka-ka-ka-ka-ka. Salamu hiyo, anasema.

Nikapanda juu, nikatoa meno ya Mama kwenye glasi yake rafuni, nikayagonga pale dirishani. Dume akageuka. Akajibu! Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Maskini yale meno. Kazi yangu nzuri kuliko zote, na Mama hakuyavaa hata wiki mbili. Kiharusi. Daktari akakataza, yangeweza kumkaba. Tangu hapo meno yako glasini na Mama yuko kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya ngazi, mwezi wa saba huu, bila neno hata moja.

Alhamisi, 5 Machi

Kaka kapiga simu. Amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee, huko kwenye mji wake. Atakuja na gari Jumamosi ya tarehe 25 Aprili kumchukua Mama. Nikamwambia Mama si kabati la kuhamishwa. Tumezozana mpaka sikio likapata moto. Mwisho akasema, basi nionyeshe kwamba bado yupo. Atamke neno moja tu kabla ya siku hiyo, atabaki. Ameapa.

Neno moja! Nimepiga magoti mbele ya Mama saa nzima. "Sema Kitinda, Mama. Kitinda." Ndivyo alivyoniita tangu utoto, maana mimi ndiye wa mwisho. Alinitazama tu, mate yakimtoka pembeni. Nikamfuta.

Kaka aliongeza kwamba mimi mwenyewe nimekwisha, nijitazame kwenye kioo. Mtu wa kutia chumvi huyo. Unamgeuza mtu kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, utanenepa wapi?

Jumapili, 8 Machi

Jambo kubwa! Mkono wa kushoto wa Mama, ule uliobaki na nguvu, umegonga kijiko kwenye kikombe cha bati. Haraka haraka, kama wao. Ilikuwa saa tano na nusu, nami niko juu nachonga nta, ile ile ya tangu saa nne. Nikashuka mbio. Alishaacha. Jasho limemjaa usoni, macho kayakaza kwenye ngazi.

Anawasikia korongo, anawajibu. Hakuna maelezo mengine. Nimefurahi mpaka nikalia.

Jumamosi, 14 Machi

Makinda wanakua vibaya sana — vibaya kwa maana ya haraka. Wawili ni majambazi. Wa tatu mdogo, shingo kama uzi, wakubwa wanamkanyaga wakiwania chakula. Nimemwita Mnyonge.

Leo jua kali. Mama yao alileta maji mdomoni akawamwagia vichwani, mmoja mmoja. Nikashuka na sifongo, nikamlowesha Mama midomo. Nilimsimulia yote. Alinishika kifundo cha mkono akakaza, hataki kuachia. Ana nguvu! Ilibidi nimfungue kidole kimoja kimoja nikaendelee na kazi.

Nilianza kung'arisha saa nne na nusu. Nilipotazama saa ilikuwa sita na robo, na kazi ile ile kavu mkononi, haijaguswa. Muda unakimbia siku hizi. Mama aligonga tena kijiko leo, vidole vimemchubuka.

Jumanne, 17 Machi

Mwalimu kanisimamisha getini. Eti jana asubuhi aliniona nikiwagongea korongo saa nzima, tena nainama mno nje ya dirisha, niangalie. Nikamwambia jana asubuhi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti changu cha kazi. Akanitazama. Akafuta lenzi za darubini kwa pindo la shati. Mzee wa watu, macho yameshachoka.

Jumanne, 24 Machi

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Baba yao alitua. Hakutapika chakula. Alimtazama Mnyonge kwa muda mrefu, jicho moja, halafu jingine. Akamchukua kwa shingo, taratibu, kama mtu anayeokota uchafu kwenye sahani. Akatembea hatua mbili mpaka ukingoni. Akaachia.

Hakuna aliyepiga kelele. Hawana sauti. Wale wawili waliendelea kuchokonoa majani.

Mwalimu anasema ndivyo walivyo. Yule asiyeweza hutolewa ili wengine washibe. Alisema kwa sauti ya darasani, kama anafundisha hesabu. Nikamwuliza huyo asiyeweza wanamjuaje. Akasema wao wanajua, yeye ndiye asiyejua.

Nimemchukia Kaka leo kuliko siku zote. Mama ndiye Mnyonge wetu, ndivyo anavyoona yeye. Hatomtupa, nimekula kiapo.

Jumatano, 1 Aprili

Si mzaha wa siku ya wajinga. Glasi ya Mama rafuni ina maji tu. Meno niliyakuta kwenye kizingiti cha dirisha, bado yanatiririka. Nyumba ina watu wawili, mimi na Mama. Mlango wa mbele nilifunga mwenyewe kwa komeo.

Kwanza nilishuka kukagua komeo. Halafu nikaelewa. Mama anapanda ngazi! Ndiyo maana haondoi macho pale! Anataka kuona makinda, na nikisinzia anajikongoja juu, anachukua meno yake, anawagongea!

Nikampigia Kaka. Nikamweleza. Akauliza, ngazi kumi na nne? Nikasema kumi na nne. Akasema haya, akikuta Mama anapanda ngazi hata neno hatalidai. Lakini nimhakikishie, tena niweke mtu mwingine aone, si mimi peke yangu. Ananifanya mtoto.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimeyaweka yale meno chini ya taa ya kazi. Ya mbele yamemeguka ncha, sita ya juu na sita ya chini. Mtu akitafuna, magego ndiyo yanayolika. Magego haya ni mapya, yanang'aa kama siku nilipoyatoa kwenye moto. Haya meno hayakumegukia kinywani. Yamegongwa kwa mkono.

Naandika hivi kwa sababu ndiyo kazi yangu, kusoma meno. Sitaki kuwaza zaidi.

Ijumaa, 10 Aprili

Jana kabla ya kushuka kumlisha Mama nilinyunyiza unga wa plasta sakafuni kwa chekecheo, kuanzia kidato cha juu cha ngazi mpaka dirishani. Mweupe, laini, ungeona hata njia ya sisimizi. Nikajiambia: nikikuta nyayo za Mama, nitapiga picha, nitamtumia Kaka, tumemaliza.

Leo nyayo zipo. Safi sana. Peku.

Mama mguu wake wa kulia unaburuta. Hizi haziburuti. Na kwenye mguu wa kushoto kidole cha pili kimepanda juu ya gumba.

Nimekaa kwenye kidato cha juu nimeutazama mguu wangu. Nilivunjika kidole nikiwa na miaka tisa, Mama akanifunga kwa kitambaa, kikaunga hivyo hivyo, kimepanda juu ya gumba. Nimeweka mguu juu ya alama. Umeingia wote.

Zinatoka kwenye ngazi. Zinapita rafuni. Zinakwenda dirishani. Halafu ziko juu ya kizingiti, mbili, sambamba, vidole vikitazama nje.

Sikumbuki. Naapa sikumbuki.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimepekua daftari hili tangu mwanzo. Kila siku niliyopotewa na muda, Mama aligonga kijiko. Kila siku. Tarehe 8. Tarehe 14. Hakuwa akiwajibu korongo hata kidogo. Alikuwa akiniita mimi.

Na anatazama ngazi kwa sababu niko juu yake.

Nimemwekea kichwa mapajani. Mkono wake wa kushoto ukanipapasa nywele, ukarudi, ukapapasa. Nikamwuliza, Mama unaniona nikifanya nini huko juu? Alifumba macho.

Jumatatu, 13 Aprili

Chumba cha kazi nimekifunga, ufunguo nimempa Mwalimu. Nimemdanganya kuna panya, nimeweka sumu. Akafunga kiganja chake juu ya ufunguo. Daktari wa meno nimemwambia mashine imeharibika. Labda ni harufu ya ile dawa ya kutengenezea fizi za plastiki, labda ni usingizi. Labda.

Kumwambia Kaka? Ataondoka na wawili.

Jumapili, 19 Aprili

Siku sita bila kugonga. Mama anakula vizuri. Nimelala saa nne mfululizo, nimeamka kama mtu! Bado siku sita, na neno hamna. Leo nusura. Midomo ilikutana, ikatoa "ki", ikaishia hapo. Nimeruka juu kama mwendawazimu. Tutajaribu tena kesho.

Kutoka uani nawaona makinda wakiruka ruka kiotani, wanapanda hewani mita moja, wanatua. Shingo inaniuma kwa kutazama. Wanakaribia.

Alhamisi, 23 Aprili

Mkubwa ameondoka! Mwalimu aliniita kwa kupiga kofi ukutani. Kinda alisimama ukingoni, akajiachia tu, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa juu ya paa la kiwanda, ananyoosha mabawa yake kama mtu anayenyoosha suti mpya.

Nikamwuliza Mwalimu, wakati ule wa kujiachia anajua kwamba ataruka? Aliniuliza kama nimekula.

"Ki" ya Mama haijarudi.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimemsafisha Mama fizi, nimemvisha gauni lake la bluu. Begi liko mlangoni. Kaka kapiga simu, yuko njiani, saa tano atakuwa hapa. Neno halijapatikana. Nitamwomba. Nitamshika miguu ikibidi.

Kitu kimoja tu: Mama hawezi kwenda kwa wageni bila meno yake, hata kama hayavai. Nimekwenda kwa Mwalimu kuchukua ufunguo. Nimemwambia naingia, nachukua glasi, natoka, dakika moja. Akasema nimsubiri avae viatu, atanisindikiza. Sikuona haja ya kumchosha mzee. Nimepanda haraka, na ndala zangu miguuni.

Daftari nalo nimekuja nalo, sijui kwa nini.

Kinda wa mwisho bado yuko kiotani. Kasimama ukingoni anapiga mabawa, haendi. Mwenzake yuko juu ya paa, wazazi wametupa vichwa nyuma, wanagonga. Ka-ka-ka-ka-ka. Wanamwita. Hewa leo ni safi, namwona kila unyoya. Sijawahi kuwaona kwa karibu hivi.

Gari limesimama chini. Kaka katoka. Naona upara wake kutoka juu kabisa, utosi wote. Sasa kainua uso. Anapunga mikono yote miwili, mdomo wazi. Na Mwalimu naye huyo, katikati ya barabara, kiatu kimoja mguuni. Wana nini hawa?

Daftari liko mapajani. Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto unagonga.

Kijiko! Mama anagonga huko chini, hajawahi kugonga hivi, nyumba nzima inasikia. Sasa kikombe kimeanguka, kinabingirika. Kimya.

Halafu sauti. Nzito, bila meno, kama bawaba ya siku nyingi. Inapanda ngazi.

"Kitinda. Rudi ndani."

Amesema! Mama amesema! Maneno matatu, Kaka alitaka moja! Kaka, umesikia? Habanduki mtu nyumba hii!

Nakuja, Mama. Naweka kalamu tu, nishuke kwenye kiti.

Nimetazama chini kutafuta pa kukanyaga. Hakuna kiti. Ndala yangu moja iko kule barabarani, karibu na gari la Kaka. Miguu yangu yote miwili iko juani.