Nanasi la Thika Lililopanda Ndege

Mpendwa Mama,

Mwanao ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Ruiru mpaka Thika, na huko kwetu Maragoli usiulize. Wapishi wako wengi, lakini ni nani mwingine aliyepandishwa ndege na Bwana wake wa kahawa, akawapikia watoto wa Memsahib uji huko huko Uingereza, akarudi na kopo lako la nanasi sandukuni? Siku tuliposhuka, yule mzungu wa kastamu alifungua masanduku ya kila mtu. Soseji za padri mmoja alizitupa pipani, padri anatazama. Alipofika kwangu akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu, akachora chaki juu ya sanduku bila kugusa kufuli, akasema, "Pita, mzee." Hata Bwana mwenyewe hakuitwa mzee siku hiyo.

Hivyo ndivyo nilivyokusimulia mlangoni kwako Thika, nawe ukacheka mpaka ukashika kifua. "Baba, hata chaki imekuogopa?"

Unajua kwa nini nililibeba. Miaka yote ulimenya mananasi pale kiwandani, ule uchachu ukakula vidole mpaka kucha zikawa laini kama za mtoto, na hukuwahi kuonja hata kipande kimoja cha koponi. Nyapara aliwanusa midomo mkitoka. "Ananusa nini," ulikuwa unasema, "na Thika nzima inanuka nanasi?" Makopo yote yalipanda treni kwenda kwa wenyewe. Siku ninaondoka, kikohozi kimeshaanza, ukaniambia, "Ukiyakuta huko, niletee moja. Nataka kujua wanakula nini hasa."

Basi nikayakuta. Dukani London, Mama, yamepangwa kama askari wa gwaride, na mwanamke wa kwenye picha anatabasamu, mikono yake haina hata kidonda. Nilimwambia muuzaji, kwa kile Kiingereza changu cha darasa la tatu, kwamba aliyeyamenya ni mama yangu. Akatikisa kichwa, akanifungia kwenye karatasi. Sijui kama alinielewa. Mimi nilijielewa.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi nikakuletea. Kopo lilikuwa limeshafunguliwa, nimelifunika kwa kitambaa cha Memsahib.

"Mbona liko wazi?"

"Sikutaka ujikate, Mama."

Ukamwita Wairimu, mwenzako wa meza moja kiwandani, akaja na kijiko chake kabisa. Mkakaa kitandani kama mabibi harusi wawili. Ukatoa kipande, ukakigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Aliyekata hiki angefukuzwa kazi kabla ya chai," ulisema.

"Ai! Kinene kama mguu wa kiti," Wairimu akadakia. "Na macho ya nanasi ameyaacha, yanitazame nikila!"

"Nyamaza ule, mama. Limetoka mbali."

Ulikula lote, wewe ambaye wiki nzima uji ulikushinda. Ukanywa na ile sharubati, kopo mdomoni, ukajipangusa kwa kiganja, ukanitazama muda mrefu. "Sasa nimejua," ulisema.

Mahindi hayajakomaa tukakuzika. Mpaka leo nikikata nanasi jikoni kwa Bwana natoa macho yote, moja moja, mpaka Memsahib anauliza ni mgeni gani anakuja. Naongea sana, unanijua, huku Ruiru mbwa wenyewe wamechoka na hadithi ya ndege. Lakini nikiwa na kisu mkononi nanyamaza. Hakuna wa kunicheka ninavyotaka.

Jumapili iliyopita Wairimu alinitembelea. Tulikuwa nje tunakunywa chai, mimi nimeshaanza habari za chaki, akanikatiza. Akasema siku ile nilipotoka tu mlangoni ulimshika mkono ukamwambia, "Mwanangu amenipikia nanasi. Usimwambie kitu."

Basi lala, Mama, na ile chaki tuifute. Yule wa kastamu alilipekua sanduku langu kuliko mengine yote. Aliuliza ni nani atoke Ulaya na nanasi la Thika, tena wakati huu wa Hali ya Hatari, akalitoboa kopo kwa kisu, akalipasua, atafute nilichoficha. Sharubati ikamwagika mezani. Vipande akavitupa pipani, juu ya soseji za padri. Niliomba kopo tupu, akanipa. Ulichokula ni nanasi la shambani Theta, hapa karibu na Ruiru, nililichemsha na sukari, nikalikata vibaya kwa haraka. Sikuwa na bahati yoyote. Lako halikufika.

Mwanao,
mpishi wako