Mama, Ondoa Mahindi Mlangoni

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mama. Mimi niko salama huku Uarabuni, ila joto linanipika. Goti lako linasemaje na hii mvua? Na ng'ombe wako mwenye madharau, bado anapiga ndoo teke? Nakuuliza wewe kwa sababu kaka Wafula nikimpigia huko Kitale hunijibu "wote wazima" na kukata simu, kana kwamba maneno yanauzwa.

Mama, keti kwanza. Unamkumbuka Chebet, msichana wa Kapsokwony niliyekutumia picha yake, yule niliyekuwa nikinywa naye chai kila Ijumaa? Chebet amekufa. Ghorofa alimokuwa akifanya kazi, ile ndefu ng'ambo ya barabara yetu, ilishika moto mchana. Watu wa chini walitoka. Wa juu walikimbilia ngazi, wakakuta mlango wa kutokea umezibwa na makochi ya zamani na maboksi ya mwenye duka la chini. Moshi ukawapata hapo hapo.

Nimelia, Mama, mpaka Madam akanipa siku ya kupumzika, na unajua huyo hata chumvi hapeani. Chebet ndiye aliyekuwa akinitania kwamba sisi watu wa mulembe tukiona kuku tunasahau salamu. Siku hizi Ijumaa nakaa peke yangu na chai hainishuki.

Baada ya mazishi, serikali ya huku ikaamka. Sasa wakaguzi wanapanda kila ghorofa, na kitu chochote wakikipata kwenye ngazi kinatupwa na mwenyewe anapigwa faini. Kochi la Madam lilienda hivyo, akanuna wiki nzima. Tena kengele hulia ghafla, ya kutujaribu tu, na lazima sote tushuke kwa miguu. Yule bibi mzee ninayemtunza hawezi kutembea, basi nilimfunga mgongoni kwa leso uliyonipa, kama tunavyobeba watoto kwetu. Alicheka njia nzima hadi chini. Nami nilicheka naye, lakini kila mlango niliopita nilikuwa naona mlango wako wa nyuma.

Tangu wezi wapitie hapo, mwaka ule tuliomzika Baba, Wafula akileta mahindi unapanga magunia kwenye huo mlango mpaka juu. Ni ujanja mzuri, sikatai. Mwizi atatoa wapi nguvu ya kuyasukuma? Lakini wewe na goti lako mtaitoa wapi? Mvua ikinyesha unaingiza jiko la makaa karibu na mlango wa mbele, pazia liko hapo hapo, na madirisha yote yana vyuma.

Nilipokuwa nyumbani nilikuuliza, ukanijibu, "Nekesa, hii si ghorofa bana. Mimi niko hapa chini, si nitatoka tu." Mama, Chebet walimkuta mkono wake unagusa mlango.

Najua utasema hakuna mahali pengine pa kuweka mahindi. Kwa heshima nakwambia pako, ni chumba cha Baba. Hutaki kiguswe, na hata mimi hupenda kukikuta vile vile, na baiskeli yake na koti lake kwenye msumari. Lakini Baba alikuwa mtu wa mahindi. Msimu wa kuvuna alikuwa akilala kando ya magunia kwa hiari yake, na wewe ukimgombeza. Hatakasirika. Koti lichukue ukae nalo. Wafula naye auwekee mlango wa nyuma komeo la chuma kwa ndani, lile la kuvuta kwa mkono bila kutafuta ufunguo. Nimeshamwambia, na safari hii hakukata simu.

Msalimie shangazi Nasimiyu pale sokoni Mabanga, umwambie bado namdai hadithi. Msalimie mke wa Wafula, wifi yangu anayenifichia maparachichi, na babu Simiyu jirani yetu, akusaidie kuhamisha hayo magunia.

Krismasi nakuja, Mama. Madam ameshakubali. Lakini sitabisha hodi mlango wa mbele kama mgeni. Nitazunguka nyumba, nipite kwenye migomba, nibishe ule wa nyuma, na nitasimama hapo mpaka wewe mwenyewe unifungulie.

Ni mimi binti yako anayekupenda na anayekutaka uzeeke sana,

Nekesa