Ramani ya Matope

Quinter, uko? Nimetoka kwa mkutano wa mtandaoni sasa hivi.

Unakumbuka ile ramani ya hifadhi ya bahari kuu nimekuwa nikichora hapa Kakamega tangu Januari? Ile sehemu ya matumbawe yenye yamekaa huko chini gizani miaka mia tatu?

Weldon ameihamisha. Bosi wangu mwenyewe. Kuna kampuni inataka kuchimba madini pale, kwa hivyo amesukuma hifadhi hadi kwa matope yenye hakuna mtu anataka.

Ati "ukubwa ni ule ule, Ayuma." Ukubwa ni ule ule.

Ni kama ukate msitu wetu, halafu uzungushie ua shamba la miwa huko Kabras useme umehifadhi.

Nikauliza kama kuna mtu alisoma ripoti yangu. Akasema, "Wewe wa Kakamega, bahari uliiona lini?" Wakacheka wote.

Na jina langu ameliacha hapo chini ya ramani.

Halafu akasema nifunge mkutano kwa maombi. Si mimi ndiye hufunganga kila wiki.

Nilifunga, Quinter. Nikaomba Mungu ailinde hiyo hifadhi.

Weldon ndiye alisema amina kwa sauti kubwa.